Makofi Mawili Ubaoni

Mtu anayeitwa Foronya hawezi kujivuna sana, na mzee wetu huyu hakuwahi hata kujaribu. Jina lenyewe alilipata wiki ya kwanza ya kazi, siku mvua kubwa ilipomkuta njiani na farasi mgeni asiyezoea radi. Alichomoa foronya kwenye furushi la nguo safi za nyumba ya wageni, akamvika mnyama kichwani, akampapasa shingo mpaka mvua ikapita. Foronya ilirudi kwa dobi imejaa matope na makamasi ya farasi, naye akarudi na jina. Miaka kumi na saba baadaye foronya ile ilikuwa imeshachakaa ikawa kitambaa cha kufutia pasi, lakini jina lilikuwa bado jipya.

Farasi huyo, jike, aliitwa Bafta, kwa weupe wake kama wa kitambaa cha bafta. Siku hizi weupe ulikuwa umeingia manjano kidogo mkiani, kama shuka lililofuliwa mara nyingi, ila nani angethubutu kulisema hilo mbele ya Foronya? Alimsugua kila jioni, akampaka mafuta kwenye kwato, akamchana singa kwa kitana cha marehemu mkewe. Angekuwa na ruhusa angempiga hata pasi.

Kazi yao ilikuwa kubeba nguo za dobi. Saa kumi na mbili asubuhi walitoka na mkokoteni uliojaa mashuka safi, wakapita hospitalini, kwenye nyumba mbili za wageni na kwenye shule ya bweni, wakishusha safi na kupakia chafu, na saa sita mchana wakarudi kwa dobi. Vichochoro vya mji ule vilikuwa vyembamba na lori halikuingia, ndiyo maana farasi alidumu kazini wakati farasi wengine walishabaki hadithi. Bafta alivijua vituo vyote. Alisimama mwenyewe, akasubiri kiasi chake, akaondoka kwa wakati wake. Foronya alishika hatamu kwa ajili ya heshima tu.

Kulikuwa na kituo kimoja zaidi, na hicho hakikuandikwa kwenye karatasi yoyote.

Ubavuni mwa jengo la dobi, kwenye kichochoro cha nyuma, kulikuwa na mlango mdogo uliotokea kwenye chumba cha pasi. Mke wa Foronya alipiga pasi humo miaka mingi. Saa sita ikifika alitokea kwenye mlango ule, jasho linamtiririka, khanga begani, akakanyaga kitovu cha gurudumu na kujipandisha mkokotenini. Alikuwa mwanamke wa mwili, na kupanda kwake kulikuwa shughuli. Mkokoteni ulilia, Foronya alitania, mkewe alimjibu kwa matusi madogo ya kirafiki, na hatimaye alikaa juu ya mafurushi kama bibi harusi. Hapo alipiga makofi mawili kwenye ubao wa ubavuni. Paa, paa. Maana yake: nimeshakaa, sote tupo, twende. Bafta aliondoka papo hapo na hakugeuza kichwa kutazama nyuma, kwa sababu hakukuwa na haja. Foronya alipenda kusema kwamba yeye ndiye aliyemfundisha farasi kazi, lakini hilo la makofi lilikuwa somo la mkewe, na farasi alilishika kuliko yote.

Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Chumba cha pasi kilihamishiwa upande wa mbele, na mlango mdogo ukapigiliwa bati. Siku Foronya aliporudi kazini baada ya msiba, Bafta alifika kwenye ule mlango wa bati akasimama. Mzee akamwambia haya. Akavuta hatamu. Akapiga mluzi, akabembeleza, mwisho akamfokea, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Farasi aliganda pale kama ukuta, masikio ameyageuza nyuma akisikiliza. Ndipo Foronya akanyoosha mkono nyuma yake akaupiga ubao mara mbili, paa, paa, na Bafta akaondoka kwa mwendo wake wa kila siku, kichwa mbele, akiwa ameridhika. Foronya alilia kutoka pale mpaka bandani na hakuona aibu, maana mbele yake alikuwa farasi na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Tangu siku hiyo walisimama pale kila saa sita. Walisubiri muda uleule wa kupanda mwanamke mnene, kisha mzee akapiga ubao. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzaje?

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili na kimya cha vyumba vinne. Alikuwa na sahani moja aliyoiosha na kuitumia tena kabla haijakauka. Redio aliiwasha kwa ajili ya sauti, na kuhusu yaliyosemwa humo usimwulize. Binti yake, mtoto wa pekee, aliolewa mji wa mbali na alimpigia simu kila Ijumaa baada ya saa sita.

"Baba, njoo huku ukae na wajukuu zako," alisema kila Ijumaa. "Chumba kipo, kitanda kipo. Huko unangoja nini?"

"Na Bafta nimwachie nani?"

"Baba, huyo ni farasi."

"Najua ni farasi, mwanangu. Mimi ndiye ninayemsafishia."

Binti alicheka, baba akacheka, na mazungumzo yakaishia kwenye hali ya hewa. Kusema kweli mzee hakuogopa mji wa mbali wala kelele za wajukuu. Aliogopa mahali ambapo, ukimtoa binti, hakuna mtu wala mnyama aliyemjua mkewe.

Sasa tuje kwenye mguu, maana mambo yote yalianzia mguuni, tena mguu wa mtu.

Miaka minne iliyopita Foronya aliteleza kwenye mawe yaliyolowa mbele ya shule ya bweni, akaumia nyonga ya kushoto. Ilipona vibaya. Tangu hapo hakupanda tena mkokotenini, alitembea kando ya Bafta upande wa kushoto, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya shingo ya farasi, na alichechemea. Miezi minane iliyopita bawabu wa hospitali, mtu mnene mwenye maneno mengi kuliko funguo zake, aliwatazama wakiingia getini akapiga ukelele.

"Mzee Foronya! Umemfundisha farasi mwendo wako! Tazameni jamani, wanachechemea pamoja kama wanajeshi!"

Watu walicheka. Na kweli, ukiwatazama, mzee akiinama na farasi aliinama, mzee akiinuka na farasi aliinuka. Utani ule ulitembea mji mzima kwa haraka kuliko mkokoteni wenyewe. Kwenye nyumba za wageni wapishi walitoka jikoni kuja kuwaona. Wanafunzi wa bweni waliwaigiza. Foronya angeweza kukasirika, lakini hakukasirika. Alifurahi. Alijiona mtu anayependwa kiasi kwamba mnyama wake amechukua kilema chake ili asimwache peke yake. Usiku mmoja mmoja alipokosa usingizi wazo lile lilimpa joto.

Ndivyo mtu mwenye akili timamu, aliyeshika kwato za farasi huyo maelfu ya mara, alivyokaa miezi minane akitazama ugonjwa na kuuona mapenzi.

Si kwamba dalili hazikuwepo. Jioni Bafta alisimama bandani ameutanguliza mguu wa mbele wa kushoto, ncha ya ukwato tu ikigusa chini, na Foronya akasema anapumzika, kachoka, nani hachoki. Asubuhi hatua za kwanza zilikuwa nzito, naye akasema ni uzee, hata mimi nikiamka huwa hivyo hivyo. Kila kitu cha farasi alikipatia jibu kutoka mwilini mwake. Mpaka ikafika asubuhi ambayo Bafta alikataa kabisa kuukanyagia mguu ule mlangoni mwa banda, akatetemeka begani, na jasho likamtoka bila kazi. Hapo mzee alimwita daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono migumu na maneno machache. Alitaka sakafu tambarare na ngumu ili amwone farasi akitembea, na sakafu ya namna hiyo ilikuwa moja tu karibu, ua wa saruji wa nyuma ya hospitali. Bawabu aliwafungulia huku akitafuta mzaha wa siku.

"Mwanafunzi kaletwa kwenye mtihani!"

Foronya alishika kamba akaanza kumtembeza Bafta kama kawaida. Daktari alitazama duru moja, akainua mkono.

"Mzee, samahani. Nikiwatazama ninyi wawili siwezi kujua nani anaumwa. Mpe mtu mwingine kamba, wewe njoo usimame hapa na mimi."

"Hamzoei mtu mwingine."

"Duru moja tu, mzee."

Kamba akapewa bawabu, mtu mwenye miguu miwili mizima. Foronya akasimama ukutani. Katika miaka kumi na saba hakuwahi kumwona Bafta akitembea na mtu mwingine. Siku zote alikuwa kando yake, anamwona sikio na shingo na mvuke wa pumzi. Leo alimwona mzima mzima, kutoka mbali, kama wanavyomwona watu.

Bawabu alitembea wima. Farasi alitembea kando yake akichechemea.

Alichechemea vibaya. Kichwa kilipanda na kushuka, na hapakuwa na wa kumwiga. Foronya akauegemea ukuta.

"Tazama kichwa chake," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Kila mguu wa kushoto ukigusa chini, kichwa kinaruka juu. Anajaribu kuuondolea uzito. Ameanza lini hivi?"

Bawabu ndiye aliyejibu, naye alikuwa amesimama katikati ya ua, kamba mkononi, uso umemshuka.

"Miezi minane, daktari. Mimi ndiye... sisi tulikuwa tunacheka."

Daktari aliinua mguu, akaubonyeza ukwato kwa koleo pande zote, akaukunja, akaukunjua. Alimwambia Foronya mambo yalivyo bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mfupa wa ndani ya ukwato ulikuwa umelika. Haukuwa ugonjwa wa kupona. Kwenye malisho laini, bila mzigo, Bafta angeweza kuishi miaka mingine na kuifurahia. Kwenye mawe ya vichochoro, akivuta mkokoteni, angevunjika siku moja njiani, na siku hiyo pasingebaki la kufanya ila sindano.

"Na dawa?" Foronya aliuliza.

"Ipo ya maumivu. Unga wa kuchanganya na pumba. Akiila hatachechemea." Daktari alimtazama machoni. "Lakini nisikilize, mzee wangu. Unga unanyamazisha maumivu, hauponyi mfupa. Nakupa umpe akiwa amepumzika. Usimpe ukamfunga mkokoteni."

"Nimekusikia, mwanangu."

Amesikia, ndiyo. Sikio halikuwa na kasoro. Lakini kesho yake saa kumi na moja alfajiri mzee alichanganya unga na pumba, akamlisha Bafta kwa mkono wake, akamfunga mkokoteni. Alijiambia ni wiki moja tu mpaka msimamizi wa dobi apate njia nyingine. Msimamizi alishapata njia nyingine zamani. Alikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu iliyofunikwa turubai uani, akiona haya kuitoa kwa sababu ya mzee. Foronya aliijua ile pikipiki, alipita kando yake kila siku akajitia hamnazo.

Shida ya unga ule ni kwamba ulifanya kazi. Bafta alitoka bandani kama farasi wa miaka minane. Mguu ulishuka sawa, kichwa kilitulia, kwato zililia kwa mpangilio kwenye mawe, na kando yake Foronya alichechemea peke yake. Kwenye nyumba ya wageni ya kwanza mpishi alisimama mlangoni na ungo.

"Ehe, leo mwanafunzi kafaulu, mwalimu kafeli!"

Foronya alishusha mafurushi haraka akaondoka. Hospitalini bawabu alifungua geti kimya kimya. Hakutania. Alimtazama farasi, akamtazama mzee, akainamisha kichwa kwenye daftari lake la wageni. Mtu ambaye miaka yote hakukosa la kutania leo amekosa la kusema kabisa, na Foronya akaona afadhali angetukanwa.

Wiki moja ikawa mbili. Kila alfajiri unga, kila mchana mlango wa bati, paa, paa, na kila jioni dawa ilipokwisha nguvu Bafta alisimama bandani ameutanguliza mguu, macho nusu yamefumba. Usiku mmoja hakulala chini kabisa. Foronya alijikaza kisabuni, na mtu wa dobi anajua sabuni ikikazwa sana mkononi hufanya nini.

Ilimponyoka siku ya kumi na tano, adhuhuri, pale kichochoroni. Walikuwa wamechelewa, unga umeshaanza kuisha mwilini. Bafta alifika kwenye mlango wa bati akasimama kama kawaida, na mzee akangoja ule muda wa kupanda mtu. Halafu akaona kwamba farasi, katika kungoja, ameuinua mguu wa kushoto kutoka kwenye mawe na ameushikilia hewani. Mguu ulitetemeka kuanzia goti. Pua zilikuwa zimepanuka. Alikuwa anaumia waziwazi, lakini hakusogea hata hatua moja, kwa sababu mama mwenye khanga hajakaa, na makofi hayajapigwa.

Foronya alitazama mguu ule hewani na akaelewa ubaya wake mwenyewe. Mnyama alikuwa anateseka kwa kumngoja marehemu, na anayemngojesha ni yeye. Hakumpigia ubao. Alifungua mikanda palepale kichochoroni, mmoja baada ya mwingine. Akautoa mkokoteni mgongoni mwa Bafta, akaishusha mikono ya mkokoteni chini, ukabaki umeinamisha pua mbele ya mlango wa bati na mashuka machafu ya hospitali yote juu yake.

"Basi, mama," alimwambia farasi. "Basi. Tumemngoja vya kutosha."

Kisha alikwenda kwa msimamizi, akasimama mlangoni na mikanda begani.

"Itoe ile pikipiki yako," alisema. "Mashuka yako nyuma, kwenye mlango wa zamani wa pasi."

Msimamizi aliinuka kitini. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu ilimtesa. "Mzee wangu, na wewe? Kazi ipo. Kuna meza ya kukunja. Unakaa, unakunja foronya..." Akasikia alichokisema mwenyewe.

"Foronya akunje foronya," mzee alisema. "Haya. Nitafikiria."

Daktari alimjua mkunga mmoja mstaafu mwenye shamba la majani nje ya mji, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye nyonga nzima na saa nzima kwa mtu wa nyonga mbovu. Mkunga alikuwa na punda wawili wazee na nafasi ya kutosha, na alimtumia mzee salamu kwamba farasi anakaribishwa, na bwana wake anakaribishwa kumtembelea siku yoyote. Siku yoyote ni neno zuri, lakini Foronya alipima ile njia kwa nyonga yake akajua siku zenyewe zitakuwa chache, na za mvua hazitakuwepo kabisa.

Ijumaa binti alipiga simu.

"Baba, Bafta hajambo?"

"Hajambo sana."

"Bado anakuzuia kuja?"

"Unamjua alivyo," mzee alisema. Alikuwa amekaa bandani juu ya ndoo iliyofunikwa, na Bafta alikuwa akimpulizia pumzi shingoni. Uongo haukuwa mkubwa, siku hiyo farasi alikuwa bado yupo. Lakini alijua Ijumaa ijayo atasema hivyohivyo, na ile nyingine pia, maana siku atakayosema kweli hatakuwa na kisingizio chochote duniani.

Walitoka Jumamosi asubuhi. Daktari alisema ampe unga kwa safari hiyo moja, njia ya vumbi, taratibu, bila mzigo. Njia ya mkato ilipita kichochoro cha dobi. Mzee aliikwepa. Mkokoteni haupo, ubao haupo. Bafta angesimama pale, na angempigia nini? Wakazunguka kwa barabara ya nje.

Bafta alitembea vizuri, kidogo kwa maringo, hana anachovuta na hajui kwa nini. Kila baada ya hatua chache alipunguza mwendo, akitafuta uzito nyuma yake. Foronya alitembea kushoto kwake, mkono shingoni. Njiani aligundua jambo ambalo daktari angeweza kumwambia kama angeulizwa. Alipouondoa mkono ule ili ajifute jasho, nyonga ilimshika akapepesuka, nusura aanguke. Miaka minne alikuwa akidhani anamwongoza, kumbe alikuwa anamwegemea. Uzito wake wote wa upande mbovu ulikuwa unashukia kwenye bega lile la kushoto. Aliurudisha mkono, akauondoa tena, na sehemu iliyobaki ya njia aliitembea bila kushika kitu. Ilimchukua muda mrefu.

Shamba lilikuwa na uzio wa mbao na geti la mbao, na ndani majani laini yalifika magotini. Punda wawili waliinua vichwa wakatazama bila haraka. Mkunga alikuwa mwanamke mwembamba mwenye buti za mpira. Alifungua geti akatoa mkono.

"Karibu, ndugu yangu. Na wewe karibu, bibi mweupe."

Foronya alimfungua Bafta kamba. Farasi alikuwa amesimama getini kabisa, miguu ya mbele kwenye majani, ya nyuma kwenye vumbi la njia. Mkunga aliita. Akanyoosha konzi ya pumba. Akatembea mbele hatua kumi akarudi. Bafta alinusa pumba kwa adabu na hakusogea. Masikio yake yalikuwa yamegeuka nyuma.

"Atakuja tu," mkunga alisema. "Nimewahi kungoja wakaidi zaidi ya huyu, tena na mama zao wanapiga kelele."

"Si ukaidi," Foronya alisema.

Alijua kinachongojwa. Alikijua tangu waliposimama, na alikuwa akiomba asiwe yeye wa kukitoa. Angeweza kusema, unaona, hataki, ngoja nirudi naye. Kamba ilikuwa bado mkononi, na mkunga ni mtu mwema, asingemuuliza kitu. Wangerudi kwa njia ileile, bandani kungekuwa na pumzi ya mtu mwingine jioni ya leo. Kesho unga. Alimtazama Bafta mgongoni, penye alama mbili za mikanda ambapo manyoya hayakuota tena, na machozi yakamtoka bila sauti.

Kisha akapiga moyo konde, akainua mkono, akaupiga ubao wa geti mara mbili. Paa, paa.

Bafta aliondoka. Aliingia kwenye majani kwa mwendo wake wa kila siku, kichwa mbele, masikio mbele, akawapita wale punda wawili, akaendelea kule ardhi inakoinama kuelekea maji. Hakugeuka hata mara moja. Foronya alibaki upande wa nje, kiganja kikimuuma, ameshika nguzo ya geti ili asianguke.

"Aa, kumbe ni hivyo tu!" mkunga alisema. "Tazama anavyokwenda vizuri, hana wasiwasi."

"Hana," mzee alijibu. "Anadhani tumeshapanda."